Jiwe la Mgeni, Jina la Mwenyeji

Pale Forodhani, Unguja, mbele ya bustani ambako jioni watu hukusanyika kula urojo na mishikaki, pana tao jeupe limesimama ukingoni mwa bahari. Lilijengwa mwaka 1956 kwa kazi moja tu: Princess Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth wa Pili, atoke baharini na kupita chini yake. Hakupita. Siku alipofika alishukia bandari ya majahazi. Serikali ilikuwa imeshamwaga zege, imeshapaka rangi. Tao likabaki na bahari yake mpaka leo, na vijana wa Unguja wanaruka majini karibu nalo kila jioni.

Mimi ni fundi mwashi. Kwetu ni Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu, lakini ujana wangu ulikwenda na kazi za pwani, na nimepaka chokaa kuta za Mji Mkongwe. Tao lile nililiona kwanza kwa jicho la fundi. Niliangalia namna lilivyokaa sawa, namna kona zake zilivyonyooka, nikawaza juu ya watu waliolijenga. Mtu alishika pima maji pale. Mwingine alibeba karai. Waliharakishwa, maana mgeni alikuwa njiani, na anayejengea mgeni wa serikali hapewi muda wa ziada. Jina la Margaret linatajwa kila tao hilo linapotajwa, ingawa mguu wake haukulikanyaga. Wao waliokanyaga kila inchi yake hawatajwi kamwe.

Ndilo jambo linaloniuma, na ndilo ninaloliandikia leo. Wafalme, malkia, magavana na wakubwa wa kila aina wamepita katika nchi hizi, na kila walipopita majengo yamebaki. Sisemi tuyavunje. Nasema alama ya mgeni haina maana ikitunzwa peke yake, bila alama ya mwenyeji aliyempokea. Na huku kwetu Simiyu alama za wenyeji ndizo zinazokwisha.

Mombasa nao wana habari ya jinsi hiyo. Mwezi Februari 1952 Elizabeth, akiwa bado binti wa mfalme, alikuwa Kenya pamoja na mumewe, na ilipangwa wapande meli ya Gothic katika bandari ya Mombasa kuendelea na safari ya mbali. Tarehe 6 baba yake, Mfalme George wa Sita, akafariki dunia Uingereza. Elizabeth akarudishwa kwao kwa ndege kupitia Entebbe, sasa akiwa malkia, na safari ile Mombasa hakufika. Miaka minne baadaye akaja Margaret, na mapembe makubwa ya bati tunayoyaona leo juu ya Barabara ya Moi, ambayo zamani ikiitwa Kilindini, yakasimamishwa kwa ujio wake. Mapembe yale yamekuwa sura ya mji. Wenyeji wameita mahali pale Mapembeni, wamepiga picha za harusi chini yake, matatu zimepita kati yake miaka nenda miaka rudi. Hapo naona watu wameinyang'anya serikali ya kikoloni jengo lake na kulifanya lao, na nafurahi.

Ziara hiyohiyo ya 1956 ilimfikisha Margaret Dar es Salaam. Bandarini gati jipya la kina kirefu likapewa jina lake. Na pale Muhimbili, hospitali mpya ikaitwa Hospitali ya Princess Margaret. Kabla yake mji ulikuwa na hospitali ya Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyetoa mali yake watu watibiwe, na habari ya hospitali hiyo inaanzia mwaka 1897. Baada ya Uhuru jina la binti mfalme likaondolewa, ikawa Muhimbili. Ukienda leo kumjulia hali ndugu yako utaelekezwa wodi za Mwaisela, Kibasila au Sewahaji. Ndugu wa wagonjwa hulitaja jina la Sewahaji kila siku, hata wasiojua alikuwa nani. Jina la mgeni limekwenda na zama zake, jina la aliyefungua mfuko wake limebaki mlangoni. Nadhani historia ilitenda haki hapo, na haki hiyo haikuja yenyewe: kuna watu waliamua.

Sasa nirudi huku kwetu bara, maana wengi hudhani habari za wafalme ni za pwani tu. Ukitoka Simiyu kwa barabara ya Maswa ukafika Mwigumbi, uko jirani kabisa na mgodi wa Mwadui. Margaret alifika Mwadui katika ziara hiyo ya 1956, akapokewa na mwenye mgodi, John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi pale mwaka 1940. Familia ya Margaret ilikuwa na deni la shukrani kwa ardhi ile. Mwaka 1947 mgodini hapo ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson akampa Elizabeth iwe zawadi ya harusi yake. Ikapelekwa London kukatwa, ikabaki karati 23.6, na ikawekwa katikati ya ua la vito ambalo malkia alilibandika kifuani katika sherehe nyingi za maisha yake. Inaitwa Almasi ya Williamson. Walioinamia kokoto za Mwadui siku hizo walikuwa kwa sehemu kubwa vijana wa Kisukuma, babu za watu ninaoishi nao. Wao hawakuitiwa kitu.

Lakini kabla sijaenda mbali na familia ya kifalme ya Uingereza, tulikuwa na wafalme wetu. Usukumani kila nchi ilikuwa na mtemi wake. Eneo ambalo sasa ni Itilima, Bariadi na Maswa lilikuwa na Itilima, Kanadi, Ntuzu, Dutwa, Mwagala na nyinginezo, kila moja na ikulu yake, ngoma zake na banangwa wake, yaani wakuu wa vijiji. Waingereza walipoamua kutawala kupitia watemi, kwa sheria ya mwaka 1926 wakati wa Gavana Donald Cameron, watemi wakapewa mahakama na hazina. Ndipo zikaanza kujengwa baraza za mawe na matofali, nyumba za karani, na nyumba za watemi zenye madirisha na bati. Baadaye, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watemi wa Usukuma wote wakawa na shirikisho lao, makao yake yakiwa Malya.

Katika majengo hayo ndimo wageni wakubwa walimopokelewa. Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya wa Kiingereza, alikaa pale kwenye kiti akasikiliza kesi za ng'ombe. Gavana akija, ilikuwa hapo.

Mzee mmoja wa huku, ambaye utoto wake ulipita karibu na baraza la mtemi, amenisimulia maandalizi ya ujio wa namna hiyo. Wanaume walifyeka barabara. Wanawake walichota maji umbali mrefu na kupiga uwanja maji vumbi litulie. Watoto walipewa mawe wayapange pembeni mwa njia, kisha yakapakwa chokaa, na chokaa ikapanda mpaka kwenye mashina ya miti. "Mwanangu," aliniambia, "tulimwona kofia tu. Ila yale mawe tuliyapanga sisi." Hawakulipwa, na mzee hakuficha kwamba mtemi naye alikuwa na mashamba yaliyolimwa na watu wake bila ujira. Utawala wa watemi sisemi ulikuwa pepo. Nasema ulikuwa wetu, na ulijenga.

Mwaka 1963 sheria ya kufuta utawala wa machifu ikapita, na nchi ikaendelea mbele. Majengo hayakufutwa na sheria ile. Sehemu nyingi za Usukuma baraza zikawa mahakama za mwanzo, nyingine zikawa ofisi za kijiji, zahanati au stoo ya pamba. Nyingine ziliachwa. Jengo la tofali mbichi likiachwa misimu michache bila bati, mvua inamaliza kuta. Kinachobaki ni msingi.

Misingi hiyo naifahamu kwa mikono. Upo mmoja ninaoujua ambao umezungukwa na minyaa iliyozeeka, mashina yake manene kuliko paja la mtu mzima, maana ua wa mji wa mkubwa ulipandwa ukakaa. Mawe yake ni ya miamba yetu hii ya kijivu, yamepasuliwa kwa moto na maji, upande mmoja umechongwa uwe bapa. Ukiweka mkono katikati ya mawe mawili unakuta udongo wa kichuguu uliochanganywa na chokaa, umekauka ukawa mgumu kiasi kwamba kisu hakiingii. Kona imekaa mraba barabara. Aliyeipiga alikuwa na kamba na jicho, na pengine hakuwa na zaidi ya hapo. Pembeni pana ngazi tatu zinazopanda kwenda mahali ambapo hapana mlango tena. Hapo ndipo mgeni alipopandia. Kila mwaka naukuta ukiwa mfupi zaidi, kwa sababu watu wanachomoa mawe kwenda kujengea. Siwalaumu. Jiwe lililokwisha kupasuliwa ni pesa, na hakuna kibao kinachosema jiwe hili ni la nani.

Wilaya yetu ilizaliwa mwaka 2012, pamoja na mkoa. Lagangabilili, iliyokuwa sehemu ya Bariadi vijijini, ikawa makao makuu, na kwa sisi mafundi hiyo ilikuwa neema. Ofisi zimejengwa, madarasa, vituo vya afya, nyumba za watumishi. Nimeshiriki katika baadhi ya kazi hizo na najivunia. Katika karibu kila jengo la umma kuna kazi moja ndogo ya mwisho ambayo hupewa fundi anayeaminika: kuweka jiwe la msingi au jiwe la ufunguzi.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Unaacha shimo la mraba katika lipu, upande wa kulia wa mlango ambako kamera zitasimama vizuri. Jiwe linakuja limeandikwa tayari, marumaru nyeusi, herufi za rangi ya dhahabu. Unalipangusa, unalibandika, unaliziba kingo kwa saruji laini, unasubiri. Kisha unafunga kifimbo juu na kupachika pazia dogo lenye kamba, na unaijaribu kamba ile mara kadhaa, maana ikikwama mbele ya mkubwa wewe ndiye utakayetafutwa. Siku yenyewe Mwenge wa Uhuru unafika, au kiongozi anafika, pazia linavutwa, watu wanapiga makofi, msafara unaondoka kwenda mradi mwingine. Jiwe linabaki na mambo matatu: jina la mradi, jina la aliyefungua, na tarehe.

Na wiki ile kabla ya mgeni kufika, mawe ya pembeni mwa njia yamepakwa chokaa. Mashina ya miti vilevile. Nimeyaona haya maisha yangu yote, na niliposikia simulizi ya yule mzee nilitambua kwamba mkono ni uleule tangu wakati wa Bwana Shauri. Tumebadilisha bendera, tumebadilisha wageni, desturi ya mapokezi tumeirithi nzima.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na nimeona kwa macho yangu kuwa ni kweli. Barabara iliyosubiri grederi miaka hutengenezwa kwa siku chache mgeni akitangazwa. Bomba linatoa maji. Viwanja vya Nanenane pale Nyakabindi, Bariadi, vilipopewa maonesho ya kitaifa mwaka 2018, vilijengwa kwa kasi, na maonesho yakaendelea kufanyika hapo 2019 na 2020. Kwa hiyo sipingi mgeni kujengewa. Tao la Forodhani lilijengwa kwa ajili ya mgeni likakosa kazi. Hospitali ilipewa jina la mgeni lakini ikatibu wenyeji, ndiyo maana hata jina lilipobadilika haikupungukiwa na kitu. Anayesimamia jengo la ujio wa mkubwa na ajiulize kitakachofanyika ndani yake asubuhi ya kesho yake.

Lakini kuna lile la pili, la jina. Katika miradi mingi vijijini, kabla fundi hajafika, wananchi wanakuwa wameshasomba mawe, mchanga na maji. Inaitwa nguvu za wananchi, na katika taarifa inayosomwa mbele ya mgeni hutajwa kwa thamani ya shilingi. Kina mama wa kitongoji wamepanda kilima na ndoo kichwani tangu alfajiri. Jiwe la marumaru haliwataji hata kwa neno moja. Kuandika "kwa nguvu za wananchi wa kijiji" fulani, na chini yake jina la fundi mkuu, kungeongeza mistari miwili. Nimewahi kuuliza katika mradi mmoja, nikajibiwa kwamba mpangilio wa jiwe hauruhusu. Marumaru ile ilikuwa na nafasi ya kutosha chini ya tarehe. Niliipima.

Mtu anayetaka kuona ufalme wa mwenyeji ulivyoweza kuheshimiwa ndani ya jengo, aende Bujora, Kisesa, njia ya kutoka Mwanza kuja kwetu. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianzisha kituo pale miaka ya 1950. Kanisa likajengwa la mviringo kwa mfano wa nyumba za kwetu. Altare ina umbo la kiti cha mtemi. Mahali pa kuwekea Ekaristi pamefanywa mfano wa nyumba ya mtemi, mlangoni pana mkuki na ngao. Na katika makumbusho ya hapo kuna banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi. Mgeni kutoka mbali alifika kwetu, na badala ya kujengewa tao la jina lake, aliwauliza wenyeji wanamkalisha wapi mkubwa wao, akajenga hivyo. Nimeingia pale kama fundi nikatoka nimeinua kichwa. Mwezi Juni, wakati wa Bulabo, Wasukuma wa kila upande hukusanyika Bujora kucheza, na hakuna anayehitaji kuelezwa jengo lile ni la nani.

Wapo watakaosema: za nini kumbukumbu za watemi na mabwana shauri, watu waliotubebesha mawe? Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu babu yangu mwenyewe alibebeshwa. Jibu langu ni kwamba jasho lake liko pale kwenye msingi. Tukiuacha uishe hatutakuwa tumemkomoa mtemi wala Mwingereza. Tutakuwa tumepoteza kitu pekee ambacho babu alikijenga kikadumu kuliko yeye. Mjukuu akipelekwa pale akaambiwa nani alikaa, nani alisimama, nani alipanga mawe na hakulipwa, atakuwa amesoma historia yote ya utawala katika nchi hii bila kufungua daftari.

Ugumu upo katika sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Baraza za watemi ni za miaka ya 1920 kuja mbele, kwa hiyo haziguswi, mpaka waziri atangaze kuwa mahali fulani palindwe. Na ni vigumu waziri kutangaza mahali ambapo hakuna aliyemwandikia. Hata kulindwa kwenyewe hakutoshi kama hakuna fundi anayepanda juu ya paa. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lililo ndani ya mji ambao ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Kama jumba lile lilianguka likitazamwa na dunia nzima, msingi wetu ulio katikati ya minyaa una nani?

Una sisi. Halmashauri ya Itilima ina ofisa utamaduni, ina watendaji wa kata zote, na wazee walioziona baraza zikiwa na bati bado wapo, ingawa kila msimu wanapungua. Naomba kabla ya mbio za Mwenge zijazo kila mtendaji aandike karatasi moja tu: katika kata yangu, ikulu au baraza la mtemi lilikuwa wapi, limebaki nini, na mzee gani anaijua habari yake. Karatasi hizo zikusanywe Lagangabilili, ziwe mwanzo wa barua kwa waziri. Bariadi, Maswa, Meatu na Busega wafanye hivyohivyo. Na mwenge ukifika, mradi mmoja kati ya itakayozinduliwa uwe kibao cha kumbukumbu penye msingi wa mtemi, chenye majina ya vijiji vilivyosomba mawe. Kibao hicho niko tayari kukiweka bila malipo, na nawajua mafundi wenzangu watakaonisaidia.

Nawe msomaji uliye kijijini, ukikuta watu wanachomoa mawe ya ngazi kama zile, wasimamishe kwa upole, mwite mtendaji, piga picha kwa simu yako, kisha mtafute mzee wa mahali hapo umuulize nani alijenga, na uandike majina yao.